Tume ya Kumkanusha Fermina

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mji wa Agua Mansa, jimbo la Sinaloa, wenye runinga zao na wale wanaotazamia dirishani kwa jirani, kwamba kuanzia tarehe mosi Septemba Manispaa imeunda Tume ya Kudumu ya Uhakiki na Ukanushaji wa Tamthilia. Yeyote atakayemwona Fermina Cárcamo akifanya jambo lolote ndani ya mipaka ya mji huu anatakiwa kuripoti mara moja, saa za kazi, akiwa na kitambulisho na nakala mbili.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Evaristo Inzunza, Katibu wa Tume, na kama umewahi kupita uwanja wa kanisa ukaliona limebandikwa juu ya tangazo la mbuzi aliyepotea, basi umeusoma mwandiko wangu. Mbuzi hajapatikana hadi leo, lakini hiyo ni idara nyingine.

Fermina Cárcamo, kwa faida ya asiyemjua, si mtu. Ni mwanamke wa kwenye tamthilia iitwayo Pindo la Fermina, inayoonyeshwa jioni mara mbili kwa wiki. Alianza kama mshonaji wa magauni ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano. Siku moja mchumba wake akamwomba ashonee kipakiti ndani ya pindo la gauni linalovuka mpaka kwenda ng'ambo. Sehemu ya pili mchumba akauawa, sehemu ya tatu Fermina akalia, na kufika sehemu ya nne ana malori kumi na mawili, walinzi wenye shingo nene, na kucha ndefu ambazo hakuna mshonaji duniani angeweza kushikia sindano. Suala la kucha tulilikanusha siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba waandishi wa tamthilia hiyo, watu wa jiji kuu ambao hawajawahi kukanyaga vumbi letu, walifungua ramani, wakaweka kidole, wakasema Fermina kazaliwa Agua Mansa. Mheshimiwa Meya wetu, Don Leocadio Zazueta, alikuwa mezani aliposikia. Mkewe anasema kijiko kilibaki hewani mpaka matangazo ya sabuni yakaisha. Ieleweke kwamba Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kunyemelea kiti kwenye bunge la jimbo, kule Culiacán, na anayenyemelea kiti hawezi kutoka mji unaojulikana kwa muuza unga. Asubuhi yake akaitisha kikao cha dharura. Ajenda ya kwanza ilikuwa heshima ya mji, ya pili mengineyo. Tulikaa saa tano, nne kati ya hizo tukibishana kama Fermina alifanya vizuri kumsamehe shemeji yake.

Tume ilianza na wajumbe saba. Wiki ya kwanza ikajulikana mjini kwamba wajumbe wanatazama tamthilia iliyorekodiwa, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, kwa kahawa na tamale za moto, zile za unga wa mahindi zinazofungwa kwenye majani. Wiki ya pili tukawa wajumbe arobaini na mmoja. Idara ya Taka ilihamia yote. Msajili wa vizazi na vifo alikuja na kiti chake kutoka ofisini, na kwa mwezi mzima hakuna aliyezaliwa wala kufa Agua Mansa kwa njia inayotambulika kisheria. Nasema kwa fahari kwamba sijaona ofisi ya umma yenye mahudhurio kama yetu. Watu walikuwa wanafika saa tatu na nusu kuwahi nafasi.

Utaratibu ulikuwa wa kisayansi. Uongo ukionekana, mjumbe ananyoosha mkono, picha inasimamishwa, Fomu ya Kanusho inajazwa, na kikosi kinakwenda mahali husika kuthibitisha kwa macho. Sehemu ya tano Fermina alikula uduvi wa ndimu na pilipili kwa kijiko. Hakuna mtu wa Agua Mansa aliyewahi kula uduvi kwa kijiko. Tulikwenda migahawa mitatu kuhakikisha, na tulihakikisha mpaka saa kumi jioni. Sehemu ya saba alivuka uwanja wa kanisa huku kengele ikilia. Kengele yetu ilishushwa miaka sita iliyopita ikapelekwa kutengenezwa. Imekanushwa. Sehemu ya tisa mama yake alitibiwa kwenye zahanati yenye daktari, na hapo ukumbi mzima ulicheka mpaka mtu wa Mapato akatolewa nje kupigwa na upepo. Imekanushwa, tena kwa herufi kubwa.

Mheshimiwa alihudhuria kila siku, kiti cha mbele. Alisema adui lazima umjue. Kufika sehemu ya kumi alikuwa anamjua kiasi cha kujipaka manukato kabla ya kuja. Siku Fermina alipopigwa risasi ya bega, Mheshimiwa aliahirisha kikao cha bajeti, na makaratasi yote yaliyoletwa mbele yake aliyasaini bila kuyatazama, macho yakiwa kwenye bega. Lakini huo ndio uliokuwa utaratibu wake hata kabla ya runinga. Makaratasi hupandishwa kwake kwa rundo, naye huyasaini kwa rundo, Ijumaa, katikati ya chakula cha mchana.

Sasa nije kwa Bi Obdulia Gaxiola, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Bi Obdulia ni mjane wa miaka sitini na minne, mpika tamale, na ndiye aliyenishika siku ya ubatizo wangu. Kwa hiyo ni mama yangu mbele ya Mungu na mbele ya kitongoji kizima cha La Loma, na ukiishi kwetu utajua kwamba mama wa namna hiyo anaweza kukupiga kofi hata ukiwa na muhuri mkononi. Tamale zilizokuwa zinailisha Tume zilikuwa zake.

La Loma iko kilimani, na La Loma haina maji. Kisima kirefu kipo, kilichimbwa na meya aliyetangulia, lakini hakina pampu wala bomba. Wanawake wanashuka mpaka mfereji wa mashamba, wanapanda na ndoo. Na tamale zinataka maji: mahindi yalowekwe, majani yaoshwe, sufuria itoe mvuke tangu alfajiri. Bi Obdulia alikuwa anapanda kile kilima mara sita kwa siku.

Kila Jumatatu, kwa miaka miwili, wanawake wa La Loma walikuja Manispaa na ndoo tupu, wakapanga mstari Dirisha Namba Nne, dirisha la Maji. Na kila Jumatatu dirisha liliwajibu kwa mujibu wa kumbukumbu: Mradi wa Maji La Loma umekamilika kwa asilimia mia moja, picha imeambatanishwa, na mwananchi mwenye maji haruhusiwi kuomba maji. Chini pana sahihi ya Meya na ya Mhandisi wa Ujenzi, Fausto Angulo. Picha ni nzuri kweli. Inaonyesha pampu ya buluu, mpya, na pembeni yake farasi mwenye mabaka meupe akinywa maji. Bi Obdulia aliwahi kuuliza mbona farasi huyo anafanana na Almirante, farasi wa Meya, na mbona nyuma yake panaonekana paa la shamba la Meya. Akajibiwa kwamba farasi hawamo kwenye mamlaka ya dirisha hili.

Jambo hilo nililiona. Lakini Dirisha Namba Nne ni la Maji, na mimi ni wa Tamthilia. Kuchungulia faili la mwenzio ni utovu wa nidhamu.

Mwezi wa Oktoba goti la kulia la Bi Obdulia likagoma. Mwanawe aliyeko Tijuana akapiga simu kwamba mwisho wa Novemba atakuja na gari kumchukua, yeye na masufuria yake. Siku aliponieleza alikuwa anafunga tamale, hakuniangalia usoni. Akasema Tijuana atakaa kwenye kochi la mkwe kutazama ukuta, na kwamba mumewe amezikwa hapa, na nani atamfagilia kaburi. Iliniuma, sifichi. Nilitaka kulia na nikala tamale nne ili nisilie. Nilimwahidi nitalifikisha suala lake kwenye ngazi husika. Ngazi husika ilikuwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa wiki hiyo alikuwa anaomboleza bega.

Basi ikafika sehemu ya kumi na tisa. Fermina, sasa tajiri, anarudi kitongoji alikokulia. Kitongoji chenyewe kinaitwa La Loma, kwa sababu mji gani Mexico hauna La Loma. Anapanda kwa barabara ya lami, anashuka garini na viatu vya kisigino kirefu, anafungua bomba, na maji yanaruka mpaka kwenye kamera. Vikongwe wanalia. Bendi inapiga. Wanawake wa La Loma walikuwa wamejazana sebuleni kwa Bi Obdulia. Nasikia mmoja akaangalia ndoo yake, akaanza kucheka, na wote wakacheka mpaka mbwa wakabweka mtaa wa tatu. Bi Obdulia peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Jumatatu iliyofuata alikuja Manispaa bila ndoo. Alikuwa amevaa gauni lake la Misa ya Pasaka, na Dirisha Namba Nne alilipita kama halioni. Akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kulalamika."

"Kama ni maji, mama, unajua kwamba mimi—"

"Maji gani? Maji si ninayo? Mmeandika wenyewe. Nimekuja kulalamikia runinga."

Nikavuta fomu upesi, maana huyu alikuwa mwananchi wa kwanza kuitikia tangazo langu.

"Huyo Fermina wenu," akasema, "kafungua bomba La Loma mbele ya nchi nzima. Sasa nchi nzima inajua tunakunywa maji ya muuza unga. Mimi mjane, nimeshika watoto kumi na wanne ubatizoni, na wewe ukiwemo, na ulilia kama mbuzi. Uso wangu nitauweka wapi?"

Nikamwambia ana haki kabisa ya kukasirika.

"Sitaki haki, nataka karatasi. Yenye muhuri. Iseme wazi kwamba hakuna mwanamke aliyeleta pampu La Loma."

"Itasema, mama."

"Wala mwanamume."

Nikainua kalamu. "Mwanamume wa nini tena?"

"Watu wabaya, mwanangu. Ukisema si mke, watasema ni mume. Andika hivi: pampu hakuna, haijawahi kuwapo, haijaletwa na mwenye sketi wala mwenye suruali. Tena kwa kiapo. Muuza unga hakanushwi kwa mdomo mtupu."

Machozi yalinilengalenga kwa uzalendo ule. Mwanamke asiye na tone la maji, na hajali kitu isipokuwa heshima ya Manispaa. Nilipomweleza Mheshimiwa, alisimama, akavua kofia, akasema kama wananchi wote wangekuwa kama Bi Obdulia, nchi hii ingekuwa mbali. Akaagiza ziara ya ukaguzi siku ya pili.

Tulipanda La Loma kwa magari matatu. La kwanza lilizama kwenye mchanga mita hamsini baada ya kanisa, la pili likazama likijaribu kulivuta la kwanza, na hapo hapo tukajaza fomu kwamba barabara ya lami inayoonekana kwenye tamthilia haipo. Tukaendelea kwa miguu. Wanawake wa La Loma walitupokea kwa heshima zote, wakatuonyesha kila uchochoro, kila zizi, hata nyuma ya vyoo, tusije tukaambiwa hatukutafuta. Kwenye kisima Bi Obdulia alinipa jiwe nilitupe. Nikalitupa. Nikaandika: sauti ya maji imesikika chini kabisa, pampu haikusikika.

Mhandisi Fausto naye alikuwa mjumbe wa Tume. Saa ile jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye soksi. Akanivuta pembeni.

"Katibu, jua kali hili. Tuandike tu kwamba pampu ipo kwenye matengenezo."

"Ipo? Unataka kusema Fermina aliileta?"

"Sijasema hivyo."

"Basi haipo."

"Haipo," akasema, kama mtu anayemeza dawa chungu, akasaini kwa mkono ule ule aliosainia mambo yake mengine yote.

Nasikia alijaribu kumwona Mheshimiwa mara tatu wiki ile. Mara ya kwanza Fermina alikuwa mahakamani, mara ya pili alikuwa harusini. Mara ya tatu Mheshimiwa alimkatiza mlangoni, akamwambia kama ni suala la pampu ameshasikia kwamba haipo, kazi nzuri sana, aendelee hivyo hivyo. Ijumaa rundo likapanda na kushuka. Hati ya Kanusho Kuu ikawa na sahihi ya Meya, muhuri wa Manispaa na kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo.

Kila Novemba, kama ilivyo kila manispaa kwetu, Meya husimama uwanjani kusoma Taarifa ya Utekelezaji wa mwaka. Hukodiwa turubai, ng'ombe huchinjwa, bendi ya matarumbeta huja na tuba lake kubwa, na jimbo hutuma mtu. Mwaka huu jimbo lilimtuma mkaguzi, Bi Nohemí Lizárraga, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani na begi la ngozi, aliyekataa nyama akaomba kiti chenye kivuli. Mheshimiwa aliamua Kanusho lisomwe kwanza ili Culiacán wasikie, halafu yeye amalizie na Taarifa. Wazo lilikuwa lake mwenyewe. Nataka hilo lieleweke.

Kamishna wa Viapo akapanda jukwaani. Akasoma kwamba Tume, baada ya kutafuta kwa bidii, inaapa kuwa barabara ya lami ya La Loma iliyoonyeshwa na runinga haipo. Wanawake wa La Loma walikuwa mstari wa mbele, ndoo kichwani zikiwakinga jua. Wakaitikia kwa pamoja, "Haipo." Mheshimiwa akafurahi, akawapungia kofia. Zahanati yenye daktari? "Haipo." Kengele ya kanisa? Uwanja mzima ukaingia, "Haipo." Tuba likaanza kuitikia nao, ngoma ikafuata, watoto wakapanda migongoni mwa baba zao. Ilipofika pampu ya maji ya La Loma, iwe imeletwa na mwenye sketi au mwenye suruali, Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anaongoza kwa kofia kama mwalimu wa kwaya. "Haipo," tukaimba, arobaini na mmoja wa Tume na watu elfu mbili. Sijawahi kuona serikali na wananchi wakiwa kitu kimoja namna ile.

Kisha Mheshimiwa akafungua kitabu cha Taarifa, alichokuwa hajakisoma, akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya kampeni.

"Mwaka huu serikali yangu imekamilisha kwa asilimia mia moja yafuatayo. Moja, barabara ya lami ya La Loma."

"Haipo," wakaitikia wanawake, kwa adabu.

Akadhani ni mazoea. "Mbili, zahanati mpya, pamoja na daktari."

"Haipo."

"Tatu, kurejeshwa kwa kengele." Hapo sauti ikaanza kumpungua. "Nne."

Namba nne hakuisoma. Alifunga kitabu. Mpiga tuba, ambaye huwa hafuati yanayosemwa, akatoa sauti moja nene, peke yake. Mhandisi Fausto alikuwa chini ya meza ya vinywaji, akitafuta kitu ambacho mpaka leo hajasema ni nini.

Bi Nohemí akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Alisema ana karatasi mbili, zote zina sahihi ya Meya na muhuri mmoja. Moja inasema pampu ya La Loma ipo, nyingine inaapa kwamba haipo. Mheshimiwa akamjibu kwamba hilo ni suala la kiufundi.

"La kiufundi nitalipima kwa glasi," akasema mkaguzi. "Nina miji mingine ya kupita. Siku ya tisa nitapanda La Loma, nitaifungua hiyo pampu, nitakunywa. Nikikosa cha kunywa, tutakutana Culiacán."

Siku tisa. Kwetu akifa mtu tunasali rozari siku tisa, na Bi Obdulia akanong'ona nyuma yangu kwamba za mwizi ni arobaini lakini huyu tisa zinamtosha.

Alichofanya Mheshimiwa siku hizo tisa hakijawahi kufanywa na serikali yoyote ya Agua Mansa: alijenga kitu. Pampu ya buluu ilifunguliwa kwenye shamba lake, ikapandishwa La Loma pamoja na mabomba yake yote, na farasi Almirante akaivuta maana magari yalikuwa bado mchangani. Nilimsikia Mheshimiwa kwa masikio yangu akimwambia Fausto kwamba mkaguzi akishashuka kilima, kila kitu kirudi shambani jioni hiyo hiyo, mpaka skrubu ya mwisho. Nilimwambia Bi Obdulia. Nilijua navunja nidhamu ya kazi, lakini ulimi ulinitangulia. Akasema sawa, mwanangu, kila siku na mambo yake.

Siku ya nane maji yakatoka. Bi Obdulia aliweka mkono chini ya bomba akauacha hapo muda mrefu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia kwa furaha, nasi tukalia naye, hata Fausto, ingawa yeye alikuwa na sababu zake.

Siku ya tisa La Loma nzima ilikuwa juu ya mapaa. Mtoto wa Bi Obdulia alikuwa amefika kutoka Tijuana, gari lake liko chini na nusu ya masufuria yamepakiwa. Bi Nohemí akatoa glasi kwenye begi, akaijaza, akanywa yote.

"Maji mazuri," akasema. "Hongera. Pampu hii ipo hapa tangu lini?"

Mheshimiwa akavua kofia. Akisema tangu mwaka juzi, basi ameapa uongo mbele ya Kamishna wa Viapo. Akisema tangu jana, basi Taarifa yake na kumbukumbu za Dirisha Namba Nne ni uongo na picha ni ya shambani kwake. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama kalamu yangu. Alimtazama Fausto, na Fausto akatazama mbinguni. Kwa mbali, kwenye dirisha la nyumba moja, marudio ya asubuhi yalikuwa yameanza na wimbo wa Fermina unasikika.

"Ameileta Fermina," akasema Mheshimiwa.

"Nani?"

"Fermina Cárcamo. Sehemu ya kumi na tisa. Nchi nzima ni shahidi."

Juu ya mapaa walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mkaguzi hakucheka. Aliandika taratibu ukurasa mzima, akamgeuzia Mheshimiwa karatasi na kalamu. Na Mheshimiwa, kama ilivyokuwa desturi yake, akasaini bila kusoma. Mimi nilisoma, nikiwa nimeinama bega kwa bega naye. Ilisema kwamba Meya wa Agua Mansa anakiri kuijua pampu hiyo, kwamba imetoka kwa mlanguzi wa dawa za kulevya kwa idhini yake, na kwamba imetolewa zawadi kwa wakazi wa La Loma daima dumu. Kabla ya Ijumaa alikuwa amesimamishwa kazi. Kule bungeni kiti kilipata mtu mwingine.

Tume ilivunjwa. Mimi nilihamishiwa Dirisha Namba Nne, uhamisho ambao baadhi ya watu wanauita adhabu. Mtoto wa Bi Obdulia alirudi Tijuana na sufuria moja tu, imejaa, na masharti kwamba airudishe.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba nikafungua dirisha, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Don Leocadio Zazueta, ameshika ndoo. Alisema farasi wake hawana maji, pampu ni yake, anaitaka. Nikamwambia asubiri, nikashusha faili. Nikamwekea mezani karatasi tatu, zote zina sahihi yake. Ya kwanza, picha ya pampu, inasema ni mali ya La Loma. Ya pili inaapa kwamba haikuletwa na mwenye suruali yeyote. Ya tatu inasema ni zawadi ya Fermina. Nikamweleza kwamba karatasi ya nne, ya kusema pampu ni yake, ikipatikana ailete na nakala mbili.

Akaweka kidole juu ya farasi kwenye ile picha.

"Evaristo, angalau farasi," akasema kwa sauti ndogo. "Hawajanirudishia. Huyu hapa pichani ni Almirante wangu, mji mzima unamjua."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Lakini nikamjibu kwa mujibu wa utaratibu, kwamba farasi hawamo kwenye mamlaka ya dirisha hili. Na nje, uwanja wa kanisa, Almirante alikuwa anapita taratibu, sufuria za tamale zikining'inia huku na huku, na juu yake Bi Obdulia katika gauni la Pasaka, akiita wateja, goti lake limenyooka mbele kama la malkia.